Kiangazi Tulichogawa Mitumbwi

Chebet na Barasa, walioshika kazi yangu klabuni, waliniomba niandike haya kabla sijazoea kulala mpaka jua litoke. Wanasema funguo nimewaachia lakini kichwa nimeondoka nacho, na kuna mambo ya ile mitumbwi ya mbao ambayo hayako mahali pengine popote. Ni kweli. Basi nimekaa hapa kwangu na kalamu na chai, redio nimeizima, niwaandikie. Habari za mishahara na vyeo nitaziruka. Mishahara ya klabu yetu haikuwa ya kuandikiwa kumbukumbu, na cheo nilichostaafu nacho, mtunza mitumbwi, mnakijua wenyewe: ni mtu anayelaumiwa mvua ikinyesha na anayelaumiwa isiponyesha.

Watu wakisikia Kitale kuna klabu ya mitumbwi hucheka kwanza. Mji wa mahindi, ziwa hatuna, bahari tunaiona kwenye kalenda. Lakini bwawa tunalo, nje kidogo ya mji ukielekea upande wa Saboti. Mzungu mmoja alilichimba kwa ajili ya ng'ombe wake, na alipoondoka wakulima wakalinunua pamoja na shamba kupitia ushirika wao. Aliyeanzisha klabu ni Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule moja hapa mjini. Alikulia karibu na mto Nzoia, na alikuwa amechoka kuzika. Kila msimu wa mvua mto ulichukua mtu, mara mama aliyekuwa akivuka kwenda sokoni, mara kijana aliyemfuata ndama. Mwalimu alikuwa akisema watu wetu wanajua mahindi na wanajua ng'ombe, lakini maji wanayajua yakiwa ndani ya sufuria. Akaenda kwa wakulima kuomba bwawa siku za Jumamosi na Jumapili. Wakampa, kwa sharti kwamba ng'ombe wakija kunywa wapishwe. Sharti hilo bado lipo, na ng'ombe wanalijua kuliko wanachama.

Yeye Mwalimu aliweka kanuni moja tu, ile ile mnayoisimamia sasa: hakuna atakayeshika kafi kabla hajapinduliwa. Mgeni anaketi ndani ya mtumbwi karibu na ukingo, maji yakiwa ya kifua, watu wawili wanaushika ubavuni na kuugeuza juu chini. Akiibuka, akashika mtumbwi, akatema maji, ndipo masomo yanaanza. Mwalimu alisema mtu anayeogopa kuanguka hukakamaa, na anayekakamaa ndiye anayeanguka. Kwa hiyo bora aanguke mapema tuendelee na mengine. Alipenda kutuambia kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, ingawa sisi tulipinduliwa na nguo zetu. Tumewapindua wachungaji, meneja wa benki, Mama Hansa wa duka la vitambaa pamoja na mumewe, na mkuu mmoja wa polisi aliyesahau simu mfukoni. Hakuna aliyewahi kusamehewa.

Mimi niliajiriwa kupika chai. Nilikuwa msichana niliyetoka nyumbani na gauni moja zuri, na siku ya kwanza ndilo nililovaa, nikiamini kwamba kanuni ya wapiga kafi haimhusu mpika chai. Mwalimu aliniuliza kwa upole kama nitapika nikiwa karibu na maji au mbali nayo. Nikasema karibu. Basi, akasema, inakuhusu. Nakumbuka kitambaa changu cha kichwa kikielea mbele yangu na watu wakipiga makofi. Nilitoka majini nikiwa na hasira ya kuacha kazi, nikachemsha chai nikiwa nimelowa, na walipoinywa wakasema haijawahi kupikwa chai kama hiyo klabuni. Baadaye nilijua kwamba haikuwa imewahi kupikwa chai yoyote. Lakini tangu siku hiyo sijaogopa maji, na nikihesabu zawadi nilizopewa katika kazi hii naanzia hapo.

Aliyenitoa jikoni ni Mzee Pritam. Ninyi mlimkuta picha ukutani, kwa hiyo nieleze. Alikuwa Kalasinga wa hapa hapa Kitale, fundi wa bodi za lori. Nusu ya malori yaliyobeba mahindi ya Trans-Nzoia yalipita mikononi mwake. Mwalimu alipomwomba amtengenezee mtumbwi alikubali bila kuuliza mtumbwi ni nini, akajenga kama alivyozoea kujenga. Ule wa kwanza ulibebwa na wanaume wanane, na tulisema ulikosa namba ya gari tu. Lakini Pritam hakuwa mtu wa kuacha kitu kikimcheka. Alikuja bwawani akakaa ukingoni Jumapili nzima akitazama jinsi maji yanavyoupokea, akarudi kwenye karakana yake, akaupasua wote na kuanza upya. Mtumbwi wa sita ulipotoka, wa mwerezi mtupu, watu wawili waliubeba begani wakipiga soga.

Alipoona nautazama mkono wake ukipiga randa kuliko nilivyotazama sufuria, aliniita. Somo la kwanza lilikuwa fupi. Nilikuwa nimeinama kuitazama mbao kwa karibu, nikijifanya mjuzi.

"Wewe usiangalie," akaniambia. "Macho inadanganya. Gusa na mgongo ya mkono, kama vile mama anagusa mtoto akiwa na homa."

Hivyo ndivyo nilivyojua mitumbwi, kwa mgongo wa mkono. Mbao yenye maji ya kutosha ni baridi na imetulia. Mbao yenye njaa ina joto, na ukiigonga kwa kidole inajibu haraka mno. Alinifundisha kukwangua rangi kuukuu kwa kipande cha kioo, kusokota pamba na kuisukuma kwenye maungio kwa patasi butu, kisha kumimina lami ikiwa ya moto lakini haijaanza kutoa moshi. Alinifundisha pia kunyamaza wakati mtu mwingine anapima, jambo ambalo kwangu lilichukua muda mrefu kuliko lami. Kwa miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kupanda mtumbwi. Ukimuuliza alisema fundi wa lori si lazima apande lori. Wengi walidhani ni kwa sababu ya kilemba na ile kanuni yetu.

Majina ya mitumbwi mnayajua, lakini yalivyopatikana labda hamkuambiwa. Ninyi wenyeji mnajua kwetu Bungoma mtoto akizaliwa majina ya waliotangulia hutajwa moja moja akiwa analia, na lile analonyamazia ndilo lake. Mwalimu aliona mtumbwi nao unastahili hivyo. Tuliusukuma mtupu katikati ya maji, tukasimama ukingoni, kila mmoja akataja marehemu wake, na jina ambalo lilipotajwa pua ya mtumbwi iligeukia ukingo likawa lake. Padre mmoja alituambia ni upepo. Labda. Wabukusu walitaja wao, Wasabaoti wao. Zamu ya ule wa sita ilipofika, majina yalitajwa mengi na mtumbwi ukabaki umetupa mgongo. Mwalimu akamgeukia Pritam, aliyekuwa pembeni akikusanya kamba, akamuuliza kama yeye hana wafu. Pritam akaweka kamba chini, akasema, si kwa sauti kubwa, "Surjit." Lilikuwa jina la mkewe, aliyefariki mbao za mtumbwi huo zikiwa bado mezani. Pua ikageuka. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo. Tuliuvuta tukauandika jina.

Sasa nifike kwenye kiangazi ambacho mmekuwa mkiniuliza.

Kwanza muelewe tabia ya mwerezi. Mtumbwi wa mbao ukikauka unafunguka. Mbao husinyaa, maungio huachana, na jua la mwezi wa kwanza likiendelea kuupiga, mbao yenyewe hupasuka kwa urefu, na hapo hakuna pamba wala lami. Ndiyo maana kila kiangazi tulikuwa tukiizamisha wenyewe. Tulitoa viti, tukajaza mawe, tukailaza chini ya maji ya kiuno ikanywa mpaka mvua zikaribie. Tuliita kuinywesha. Wageni waliotukuta tukiizamisha mitumbwi yetu kwa mikono yetu wenyewe walidhani tumerukwa na akili, na sisi hatukuwa na haraka ya kuwaeleza.

Mwaka ule ukuta wa bwawa ulianza kuvuja. Fuko walikuwa wameutoboa kama kichujio. Wakulima wakaamua bwawa litolewe maji yote ukuta ujengwe upya, kazi ya kiangazi kizima na huenda zaidi. Mwenyekiti wa ushirika alikuja kwenye kibanda chetu cha mabati akatueleza bila kuzunguka. Kulikuwa na watu waliotaka bwawa kwa ufugaji wa samaki. Lakini makubaliano na klabu yalikuwa ya zamani zaidi, na yeye aliyaheshimu. Siku bwawa litakapofunguliwa tena, tukiingia majini na mitumbwi yetu sita, mambo yatabaki kama yalivyokuwa. Tukiwa hatuna mitumbwi, alisema, basi hakuna klabu, kuna watu wanaokumbuka klabu. Hakukosea.

Tatizo lilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa kibandani. Bwawa kavu, na mitumbwi ya mbao. Mwalimu Wekesa tulikuwa tumeshamzika. Mikono ya Mzee Pritam ilikuwa imeanza kutetemeka, na hata isingetetemeka, mwerezi wa namna ile haukatwi tena. Ikipasuka hiyo, hapakuwa na mingine.

Wazo lilinijia nikitazama ng'ombe wawili waliokuja kunywa wakakuta matope. Nikasimama nikasema tuigawe mitumbwi kwa wanachama wenye maji na mifugo, kila mmoja aende nao kwake, aujaze maji, aushughulikie anaposhughulikia ng'ombe. Mtu anayekumbuka kunywesha ng'ombe asubuhi na jioni atakumbuka na mtumbwi. Mwenyekiti wetu wa klabu hakupenda. Alisema mtumbwi wa mwerezi kijijini wakati wa kiangazi ni kuni nzuri sana, na akauliza ni nani atakayejibu ukipotea. Nikasema mimi. Mdomo uliponza kichwa.

Mmoja ulikwenda kwa Mama Hansa wa duka la vitambaa, ukakaa uani karibu na tangi lake, na nasikia wajukuu zake waliogea humo mpaka shule zilipofunguliwa. Miwili ilibaki kwa wanachama wa karibu. Mmoja ulikwenda Kachibora kwa mfugaji aliyeugeuza hori la ndama. Mmoja ulikwenda Saboti kwa Mzee Naibei, ambaye aliuona ni mkubwa mno kujaza kwa ndoo, akautia kwenye josho la zamani la ng'ombe akidhani ndani kuna maji ya mvua tu. Kulikuwa na dawa ya kupe. Rangi yote ilibanduka, na hadi leo mdudu hatui juu ya mtumbwi ule. Ndio ule mnaopenda kuvulia samaki jioni, na sasa mnajua kwa nini mbu hawawasumbui.

Ukabaki Surjit. Aliyepaswa kuuchukua alikuwa amepata habari kwamba kisima chake kimekauka. Aliyejitokeza ni Mama Nelima, mjane wa Matulo, kule karibu na Webuye, aliyekuwa akija kwetu Jumapili mojamoja na ambaye alipinduliwa mara mbili kwa sababu ya kwanza aliipenda. Kwake Nzoia haikuwa mbali. Nilipokwenda kumwambia Mzee Pritam, alikuwa ameketi kwenye kigoda karakanani.

"Nasimiyu," akasema, "hizo ingine sawa. Hii usipeane."

Nikamweleza kwamba mfereji wa mjini ulikuwa ukitoa maji mara moja kwa wiki na Surjit ungepasuka mbele ya macho yake. Alitazama mikono yake.

"Yeye alitaka kupanda," akasema. "Hata ile ya kwanza, ile nzito. Mimi nikasema ngoja, nitatengeneza mzuri. Kila siku ngoja. Nilimwambia ngoja mpaka akaenda."

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka mingi na sikuwa nimejua. Nililia pale pale, na yeye akanipa kitambaa cha kufutia randa. Kesho yake alikuja bwawani mwenyewe, akaukagua mtumbwi toka pua hadi nyuma, akafunga kamba kwenye lori kwa mikono yake inayotetemeka na asikubali kusaidiwa. Halafu akamwambia Mama Nelima neno moja tu: mtumbwi usikauke, hata siku moja. Mama Nelima alimjibu kwamba hautakauka.

Kiangazi kilikuwa kirefu. Nilikuwa nikipiga simu kila wiki kuulizia mitumbwi mpaka watu wakaanza kuniambia inanisalimu. Matulo simu haikushika vizuri, na nilipompata Mama Nelima alisema ni sawa, akakata. Hatimaye mvua zikaja, ukuta ukashikilia, maji yakapanda polepole, na wakulima wakatangaza Jumapili ya ufunguzi. Mitumbwi mitano ilirudi mmoja baada ya mwingine. Tukatuma lori Matulo likachukue Surjit. Lilirudi tupu.

Vijana waliokwenda walisema yule mama aliwafukuza. Alisimama mbele ya mtumbwi na jembe, wakaona heri yaishe. Na habari mbaya haina breki. Jioni ile wengine walikuwa wameshasikia kwamba mtumbwi unapikiwa pombe ya busaa, wengine kwamba umeuzwa, na mmoja aliapa kwamba shemeji yake aliona mbao zake zikiwa kuni. Mwenyekiti wetu hakunigombeza. Aliniuliza tu kama bado nakumbuka nilichosema kibandani. Mzee Pritam alisikia yote. Nilimkuta akipiga randa ubao ambao haukuwa na haja ya randa, na hilo ndilo lililoniumiza.

Ijumaa nikaenda Matulo. Njiani nilipanga maneno makali, na nilipofika kwa Mama Nelima yakaniisha mdomoni. Mtumbwi ulikuwa kando ya nyumba, umekalishwa juu ya mawe, umejengewa kivuli cha mabua ya mahindi, umejaa maji mpaka ukingo. Bata wawili walikuwa wakiogelea ndani. Nikaweka mgongo wa mkono ubavuni. Mbao ilikuwa baridi na imetulia. Sijawahi kugusa kitu kilichonifurahisha hivyo.

Mama Nelima alitoka na kikombe cha chai, akanipa kabla ya kunisalimu. Nikamuuliza kwa nini aliwarudisha vijana.

"Wale walitaka kumwaga maji," akasema. "Ati ni nzito kubeba. Nikasema basi hawa hawajui kazi. Ifike Kitale na jua hii ikiwa aje?"

"Mama, ni siku moja tu."

"Yule mzee alisema hata siku moja."

Nikanywa chai yangu. Akanieleza, bila kujisifu, kwamba kisima chake kilikauka katikati ya kiangazi, akawa anachota Nzoia na kubeba kichwani. Mtumbwi ulimiminiwa kwanza, kisha ng'ombe, kisha yeye mwenyewe. Majirani walimcheka kwamba amepata mume wa mbao. Alisema hakuwajali, bana. Huyu wa mbao alikuwa hanung'uniki. Nikamwambia mtumbwi unangojwa, na kwamba usipofika tutapoteza bwawa.

"Mimi nitaludisha," akasema. "Lakini nitaenda nayo mwenyewe."

Hivyo ndivyo Surjit ulivyorudi Kitale. Jumamosi tulipata lori lililokuwa likirudi tupu. Tulipunguza maji mpaka yakabaki ya kimo cha kiganja, tukaufunika kwa magunia yaliyolowa, na Mama Nelima akapanda akaketi ndani yake na jagi na madebe mawili. Mimi nilikaa mbele na dereva, kwa kuwa mtumbwi ulikuwa na mwenyewe. Kila mahali palipokuwa na mfereji aligonga paa la lori, tukasimama, tukajaza madebe. Karibu na Kiminini askari wa barabarani walitusimamisha. Mmoja alipanda kuchungulia, akamkuta mama mzee ameketi ndani ya mtumbwi juu ya lori akimwagia magunia maji. Alimtazama, akanitazama, akatupungia mkono tuendelee. Yapo mambo ambayo hata polisi hawajui waanzie wapi.

Mzee Pritam alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake tulipofika. Hakuna aliyemwita, sijui alingoja tangu saa ngapi. Tuliushusha mtumbwi, akasogea, akauwekea mgongo wa mkono. Akaanzia puani, akaenda polepole mpaka nyuma, akarudi upande wa pili. Sote tulinyamaza kama alivyotufundisha.

"Hajakauka," akasema.

"Nilikwambia," akajibu Mama Nelima.

Jumapili tuliingia majini na mitumbwi sita. Mwenyekiti wa ushirika alisimama ukutani na wakulima wenzake, akaitazama ikipita, akainua kofia, na neno la samaki halijarudi tena tangu siku hiyo. Watu walikuja kutoka Saboti na Bungoma, makanisa yalitoka mapema, Mama Hansa alileta bhajia za kutosha mji mzima. Ningeweza kuishia hapo na ingekuwa kumbukumbu nzuri.

Lakini nilipogeuka nilimwona Mzee Pritam akivua viatu. Akaviweka pamoja vizuri juu ya nyasi, akaingiza soksi ndani yake, akakunja suruali. Hapo ndipo nilipogundua kwamba siku hiyo hakufunga kilemba chake kikubwa. Alikuwa amefunga kitambaa kidogo cha kubana nywele. Alikuwa ameamua tangu nyumbani.

Kelele zilizimika taratibu. Mtu mmoja alisema mzee asamehewe ile kanuni, ndiye aliyeijenga mitumbwi yote, na umri wenyewe huu. Watu waliitikia. Hata mimi nilikuwa tayari kusamehe, na mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa kanuni.

"Hapana," akasema Pritam. Alikuwa ameshaketi ndani ya Surjit, ameshika mbavu zote mbili za mtumbwi, midomo imebadilika rangi kwa woga. "Mwalimu hakusamehe mtu. Geuza."

Mimi nilishika upande mmoja, Mama Nelima upande wa pili. Tukageuza.

Alikaa chini kidogo kuliko wengine wanavyokaa. Nilikuwa nimeanza kuinama kumtafuta ndipo alipoibuka, ndevu zimeshikana kifuani, akaukamata mtumbwi, akakohoa, akatema maji. Tulimngoja alie au acheke. Alifuta macho kwa kiganja akanitazama jinsi alivyokuwa akinitazama karakanani.

"Nasimiyu," akasema. "Nimeona chini yake. Kwa kiungo ya tatu lami inatoka. Kesho leta ndani."

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Tukaugeuza mtumbwi, tukautoa maji, akapanda. Mama Nelima alikaa mbele na kafi, mimi nyuma. Tulimzungusha bwawa lote, kando ya ukuta mpya, polepole. Hakupiga kafi. Aliketi katikati, mikono juu ya mbao zake, na njia nzima alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini kwa lugha ya kwao. Hatukuelewa hata neno moja, na hatukuhitaji kuelewa. Hakuwa akituambia sisi.

Kesho yake niliupeleka karakanani. Kiungo cha tatu kweli kilikuwa kimeachia.

Wote wawili wameshatutoka, yeye na baadaye Mama Nelima. Nawashukuru kila nikigusa mbao, na nawashukuru ninyi pia, mlioniaga kazini kwa keki na kunipindua kwa mara ya pili nikiwa na gauni zuri. Huo mtumbwi mnaojenga sasa ukiwa tayari, usukumeni katikati mtupu na muwataje wote wawili. Usipogeuka msiulazimishe, huenda unamngoja mwingine.

Na jua la mwezi wa kwanza likianza, ule Surjit mlioachiwa uzamisheni mara moja. Najua mtakuwa na shughuli, najua mtasema kesho. Msiuache ukauke. Hata siku moja.